Freni Haikatai Yenyewe



Kila gari inapoanguka mteremkoni, neno la kwanza ni moja. Husemwa na dereva akiwa mzima, husemwa na watu waliokimbilia kutazama, kisha husemwa tena matangani: "Freni ilikataa." Likiisha kutamkwa neno hilo, mambo huwa yamekwisha. Mzee mmoja huongeza kwamba ajali haina kinga, watu huitikia, huzika, na Jumatatu kila mtu hurudi kazini.

Leo ukurasa huu unalipinga neno hilo. Freni si punda hata ikatae. Ni chombo kilichotengenezwa na watu, nacho hufanya kazi kwa sababu zinazojulikana, na hushindwa kwa sababu zinazojulikana vilevile. Freni inayosemwa kuwa "ilikataa" siku ya Jumamosi ilikuwa imekwisha kuharibiwa zamani. Iliharibiwa dukani, siku iliponunuliwa chupa ya mafuta isiyo na jina. Iliharibiwa garajini, siku fundi alipoongeza mafuta mapya juu ya mafuta meusi. Iliharibiwa nyumbani, siku mwenye gari alipoamua kwamba redio na rangi zitangulie, plaketi zitangoja mwezi ujao. Mteremko haukufanya kosa lolote. Mteremko ulitoa hesabu tu.

MTEREMKO UNAOISHIA PENYE WATU

Tunaanza na Sake kwa sababu. Mji huo uko kilometa zipatazo 25 magharibi ya Goma, kando ya Ziwa Kivu, ambalo uso wake uko karibu mita 1,460 juu ya bahari. Hapo barabara ya Goma hukutana na ile ya Minova na Bukavu, na ile inayopanda Mushaki kwenda Masisi na kuendelea upande wa Walikale. Milima ya Masisi hupita mita 2,000. Basi kila kitokacho huko juu, viazi, maharagwe, jibini, makaa, ng'ombe, hata mawe ya koltani ya Rubaya, huteremka kuja Sake. Na magari yanayokibeba hubeba watu pia, wengine wakiwa juu ya magunia.

Jambo la kutafakari ni hili: mteremko ule haumalizikii porini. Unamalizikia mjini, penye wachuuzi, wenye pikipiki na watoto wanaotoka shule. Gari iliyokosa freni huko juu haiwadhuru wenye gari peke yao. Humfuata mama aliyekaa na beseni lake la nyanya, ambaye hakuuliza bei ya plaketi wala hakuwahi kuiona gari hiyo.

Wala hatusemi mambo ya kutunga. Tarehe 24 Februari 2024, huko Ngaramtoni karibu na Arusha, Tanzania, lori lililoelezwa kuwa lilikosa freni liligonga magari mengine, na watu 25 wakafa. Tarehe 30 Juni 2023, katika njia panda ya Londiani huko Kenya, lori liliacha barabara na kuingia penye wachuuzi na magari yaliyosimama. Walikufa watu 52. Angalieni mahali: njia panda, pembeni mwa barabara, watu wakiuza na kununua. Ni mahali panapofanana sana na Sake.

Sake imekwisha kuonja mashaka mengi. Moto wa mlima Nyamulagira wa mwaka 1938 hadi 1940 ulitiririka hadi ziwani karibu na hapo. Vita vya mwaka 2024 na Januari 2025 viliwafukuza watu wengi majumbani mwao. Mji uliopatwa na hayo, ambayo mchuuzi wa nyanya hakuweza kuyazuia, haustahili kuongezewa mauti yanayozuilika kwa chupa moja ya mafuta ya freni.

TUJIFUNZE KWA MWENYE CHUKUDU

Mtazameni kijana wa chukudu anayeteremka na magunia ya makaa. Freni yake ni kipande cha mpira wa tairi kuukuu, anachokikandamiza kwa mguu juu ya gurudumu la nyuma. Hakuna mafuta, hakuna pampu. Lakini kabla ya kuteremka hukitazama. Kikiwa kimelika, hukata kingine. Hangoji, kwa sababu anajua kwamba kikikatika, magunia yatakuja juu ya mgongo wake mwenyewe. Watu wa Goma walimjengea chukudu sanamu katika njia kuu, nao walifanya vema. Nami nasema: yule anayeendesha gari ya dola maelfu, asiyejua rangi ya mafuta yake ya freni, hana budi kwenda kusoma kwa kijana huyu.

NAMNA FRENI INAVYOPOTEA

Ukikanyaga pedali, mguu wako husukuma mafuta yaliyo ndani ya mabomba membamba. Mafuta hayo husukuma plaketi, nazo hubana diski ya gurudumu. Au husukuma garnitiri ndani ya tamburi. Kitu cha majimaji hakikubali kubanwa kikawa kidogo, ndiyo maana nguvu ya mguu wako hufika yote gurudumuni.

Sasa, freni huondoa mwendo kwa kuugeuza uwe joto. Tuchukue gari yenye uzito wa tani 2, pamoja na watu na mizigo, iliyoteremka mita 500 kwenda chini. Kama dereva ametegemea freni peke yake, joto litakalotoka laweza kuchemsha lita zipatazo 30 za maji, yaani bidoni moja na nusu. Joto hilo lote huingia katika diski na plaketi chache, kisha hupenya hadi kwenye mafuta.

Hapa ndipo penye siri, na akina mama wa Masisi wataielewa upesi kuliko mafundi. Ninyi mwajua kwamba maharagwe huchelewa kuiva mlimani kuliko pwani ya ziwa. Sababu ni kwamba kadiri unavyopanda, ndivyo maji yanavyochemka kwa joto dogo zaidi. Baharini maji huchemka kwa digrii 100; kwenye mita 2,000 huchemka karibu na digrii 93. Mafuta ya freni nayo hufuata sheria hiyo. Na yana tabia nyingine mbaya: hunywa unyevu wa hewani, hata chupa ikiwa imefungwa vibaya tu. Maji yakiingia ndani yake, yanawahi kuchemka. Yakichemka hufanya mvuke, na mvuke, tofauti na majimaji, hubanwa. Dereva hukanyaga, pedali huenda hadi chini kama mtu aliyekanyaga mkate, na gari haisimami.

Baadaye gari iliyoanguka hupoa, mvuke hurudi kuwa maji, na fundi akija kesho hukuta pedali ni ngumu kama kawaida. Ndipo watu husema: "Freni zilikuwa nzima, huu ni uchawi." Si uchawi, ndugu zangu. Ni mafuta ya miaka mitano.

MAFUTA GANI YA KUNUNUA

Juu ya chupa ya mafuta ya freni huandikwa herufi DOT na namba. Herufi hizo zinaonyesha kanuni za Marekani zinazopima joto ambalo mafuta hayo yanaweza kuvumilia. Hupimwa mara mbili: yakiwa mapya kabisa, na yakiwa yamekwisha kunywa maji kiasi cha asilimia 3.7.

DOT 3: mapya yasichemke chini ya digrii 205, yaliyonywa maji, digrii 140.
DOT 4: mapya digrii 230, yaliyonywa maji, digrii 155.
DOT 5.1: mapya digrii 260, yaliyonywa maji, digrii 180.

Soma hesabu hiyo tena. Mafuta ya DOT 4 yaliyozeeka ni mabaya kuliko DOT 3 mapya. Maana yake, umri wa mafuta una uzito kuliko jina lake. Mtu anayejivuna kwamba ametia mafuta ya bei kubwa miaka minne iliyopita, hana mafuta ya bei kubwa tena.

Kwanza fungua kapo ya gari yako usome kizibo cha kikopo cha mafuta ya freni. Aliyetengeneza gari ameandika hapo anachotaka. Gari nyingi za Toyota tunazoziona barabarani huandikwa DOT 3. Palipoandikwa DOT 3, kwa kawaida DOT 4 yaweza kuchukua nafasi yake. Lakini palipoandikwa DOT 4, usirudi nyuma kwenye DOT 3. Kwa gari inayopanda na kuteremka Masisi na mizigo, maoni yangu ni DOT 4, nayo yabadilishwe yote kila mwaka. Watengenezaji wengi husema miaka miwili. Lakini wengi wao hawakupimia gari hiyo katika matope ya Mushaki wala katika unyevu wa misitu ya Walikale. Kwa gari ndogo, lita moja kwa kawaida hutosha kubadilisha yote.

Jihadharini na DOT 5. Namba yake inafanana na 5.1, lakini ni kitu kingine kabisa: imetengenezwa kwa silikoni, nayo haichanganywi na hizo nyingine hata kidogo.

Sasa kuhusu kununua. Chupa iwe na mhuri ambao haujafunguliwa. Usinunue mafuta ya freni yaliyomiminwa katika chupa ya maji ya kunywa, hata kama muuzaji ni shemeji yako. Hujui yamefunguliwa lini, na huenda hata si mafuta ya freni. Kuna jaribio dogo la kufichua udanganyifu mkubwa: tia matone machache ndani ya gilasi ya maji na ukoroge. Mafuta ya DOT 3 na DOT 4 huyeyuka katika maji. Yakielea juu kama mafuta ya mawese kwenye mchuzi, umeuziwa kitu kingine. Jaribio hili halikuambii kama mafuta ni mazuri, lakini litakuokoa na yale yasiyofaa kabisa.

Na kuna desturi moja ambayo lazima ife. Mafuta yakipungua njiani, wengine huongeza mafuta ya moteri, au maji ya sabuni, ili "kufika tu". Mafuta ya moteri huvimbisha mipira iliyo ndani ya pampu za freni na kuiharibu. Maji huchemka na kuleta kutu. Atakayefanya hivyo huenda akafika leo. Hatafika wiki ijayo.

Tena, mafuta yakishuka ndani ya kikopo, usikimbilie kuongeza. Ama plaketi zimelika, ama yanavuja mahali. Tafuta kwanza, ndipo uongeze.

PLAKETI NA GARNITIRI

Wauzaji watakuonyesha plaketi za aina tatu. Kuna laini, zilizotengenezwa kwa nyuzi na gundi: hazipigi kelele, haziumizi diski, lakini zikipata moto sana hupoteza nguvu ya kushika. Kuna zenye unga wa vyuma ndani: zina kelele kidogo na hula diski, lakini huvumilia joto. Kuna za seramiki: ni safi, hazina vumbi jingi, bei yake ni kubwa. Kwa gari ya mjini inayopeleka watoto shule, zile laini zatosha. Kwa pikapu inayoteremka na tani ya viazi, chukua zenye vyuma, mradi ziwe za gari hiyo hiyo.

Tazama alama. Plaketi zilizokubaliwa kwa soko la Ulaya huwa na herufi E ndani ya duara, pamoja na namba ya nchi iliyozikubali na maandishi 90R. Nyingine, zinazofuata desturi ya Marekani, huwa na herufi mbili pembeni, kama EE, FF au GG. Herufi ya kwanza ni nguvu ya kushika freni ikiwa na joto la kawaida, ya pili ni nguvu yake ikiwa moto sana. E ni ndogo, F ni ya kati, G ni kubwa. Kwa mteremko tunaouzungumza, usikubali herufi ya pili iliyo chini ya ile ya kwanza; maana hiyo ni plaketi inayokutupa wakati wa shida. Lakini alama peke yake haitoshi, kwa kuwa mwenye kughushi plaketi haoni haya kughushi herufi mbili. Angalia kama ile sehemu ya kushika imeungana vema na bati lake, kama haina nyufa, kama zote nne zinafanana. Ukiweza kuipekua kwa ukucha ikabanduka, mrudishie mwenyewe.

Badilisha plaketi za magurudumu yote mawili ya mbele, au yote mawili ya nyuma, kwa siku moja. Mpya upande mmoja na kuukuu upande mwingine huvuta gari pembeni. Plaketi mpya za gari ndogo huwa na unene wa milimita 10 au zaidi kidogo. Zikifika milimita 3, toa. Usingoje zifikie unene wa kijiti cha kiberiti. Ukisikia mlio mwembamba wa chuma kila ukigusa pedali, hilo ni onyo lililowekwa makusudi na mtengenezaji, wala si la kufunikwa kwa kuongeza sauti ya redio.

Plaketi zilizomwagikiwa mafuta hazifuliwi kwa esansi wala hazichomwi moto. Hutupwa. Na zilizowekwa leo zisitumwe mlimani leo. Ziendeshwe kwa upole kilometa 200 au 300 mahali pa tambarare hadi zizoeane na diski.

Wenye pikipiki nao wasidhani kwamba hawasemwi. Garnitiri ya tamburi ya nyuma hulika bila kuonekana, na kuendelea kukaza waya si dawa. Waya ukifika mwisho wa kukazwa, garnitiri imekwisha.

Magari makubwa yanayotumia freni za hewa yana sheria yake: kila siku fungua matangi ya hewa ili maji yaliyokusanyika ndani yatoke.

VUMBI NA SUMU: NENO LA AFYA

Sisi wa mgodini twajua vumbi la mawe linavyofanya mapafu. Vumbi la freni nalo si la kuchezea. Kwa miaka mingi plaketi na garnitiri zilitengenezwa kwa asbesto, ambayo Kifaransa huiita amiante. Nyuzi zake ni ndogo mno, huingia ndani ya mapafu na hazitoki. Huleta ugonjwa wa mapafu kukakamaa na kansa, mara nyingi baada ya miaka 20, 30 au 40. Ufaransa iliikataza mwaka 1997, nchi zote za Umoja wa Ulaya zikafuata kufikia 2005. Lakini nchi nyingine zaendelea kuichimba na kuitumia, na plaketi isiyo na alama haikuambii ilikotoka.

Kwa hiyo, fundi asipulize tamburi kwa mdomo wala kwa kompresa. Apanguse kwa kitambaa kilicholowa maji, kisha kitambaa hicho kitupwe mbali. Kijana anayejifunza kazi asikae mbele ya gurudumu linalosafishwa. Na mama asifue nguo za garaji pamoja na nguo za mtoto.

Mafuta ya freni nayo ni sumu. Hula rangi ya gari. Fikiri basi yatafanya nini ndani ya tumbo. Ndiyo sababu ya pili ya kukataa yale ya chupa ya maji au ya soda: mtoto hawezi kujua tofauti. Akiyanywa, mpelekeni hospitali upesi pamoja na chupa yenyewe. Yakiingia machoni, osheni kwa maji mengi safi kwa dakika zisizopungua 15, kisha nendeni kwa daktari.

KWA WANAOSEMA "PESA IKO WAPI?"

Najua jibu nitakalopewa. Ndugu atasema: mshahara ni mdogo, shule zinangoja, vipuri halisi ni adimu, na barabara yenyewe inavunja gari kila wiki. Yote ni kweli. Sisemi na tajiri. Nasema na mtu anayenunua mafuta ya gari lita tano tano.

Lakini tazama unavyogawa kidogo ulicho nacho. Nimeona gari zenye maandishi mazuri kiooni, viti vilivyofunikwa upya, muziki unaosikika toka mbali, na chini yake garnitiri iliyobaki misumari mitupu. Hapo pesa ilikuwapo. Kilichokosekana ni mpango. Moteri ikikosa pesa, gari haitembei, na mwenyewe hupata hasara tu. Freni ikikosa pesa, gari inatembea vizuri sana, na hapo ndipo ilipo hatari. Kwa hiyo nasema freni itangulie kila kitu isipokuwa chakula cha nyumbani. Kama huwezi kuilipia, usipakie watu. Kutopakia ni hasara ya wiki moja. Wahenga walisema rahisi huwa ghali, nasi tumekwisha kuilipa ghali hiyo makaburini.

MTEREMKONI

Hata freni njema huuawa na dereva mbaya. Teremka kwa vitesi ile ile ambayo ungeipandia. Moteri ndiyo freni yako ya kwanza, na haichemshi mafuta. Wako wanaotoa vitesi au kuzima moteri mteremkoni ili kuokoa mafuta. Hao huondoa msaada wa moteri. Na moteri ikizimika, ule wepesi wa pedali hupotea baada ya kukanyaga mara chache. Wanaokoa kikombe cha esansi na kuuza roho kumi.

Usikanyage pedali mfululizo. Kanyaga kwa nguvu kidogo, punguza mwendo, achia ipoe. Ukisikia harufu ya kuungua, au pedali ikianza kulainika, simama mahali pazuri, weka jiwe nyuma na mbele ya gurudumu, ngoja. Usimwage maji baridi juu ya diski yenye moto, kwani huipinda au huipasua. Baada ya kuvuka maji au tope, gusa pedali taratibu mara kadhaa ili zikauke.

NANI AULIZWE?

Hapa ndipo neno langu la mwisho. Tukiendelea kusema freni ilikataa, hakuna mtu wa kuulizwa. Tukisema freni iliachwa, maswali matatu yatazaliwa: mafuta yalibadilishwa lini, plaketi zilinunuliwa wapi, nani aliitazama gari asubuhi ile? Maswali haya yasingoje matanga. Yaulizwe kabla ya safari.

Kampuni yoyote inayokodi gari ya kubeba wafanyakazi ina haki ya kuomba daftari linaloonyesha tarehe ya mafuta na ya plaketi. Nasema zaidi: haina ruhusa ya kutoomba. Wenye magari katika maegesho ya Goma na Sake wanaweza kukubaliana wenyewe kwamba gari isiyotazamwa freni haipandi Mushaki, na haiteremki. Na mfanyakazi anayesema, "Gari hii siipandi, pedali inashuka hadi chini," asiitwe mkaidi wala asikatwe siku yake. Mtu huyo amefanya kazi ya usalama kwa ajili ya wote.

Wake na watoto nao wana sauti. Baba anapotoka na gari, muulizeni kama mnavyomwuliza kama amebeba chakula: "Freni umetazama?" Akikasirika, mwulizeni mara ya pili.

KUMBUKA

1. Nunua mafuta ya freni yenye mhuri, yenye DOT iliyoandikwa kwenye kizibo cha gari yako.
2. Gari ya mlimani, badilisha mafuta yote kila mwaka. Kuongeza siyo kubadilisha.
3. Usichanganye DOT 5 na nyingine. Usitie mafuta ya moteri wala maji.
4. Plaketi zikifika milimita 3, toa, pande zote mbili.
5. Usipulize vumbi la freni. Panguza kwa kitambaa chenye maji.
6. Shuka kwa vitesi uliyopandia. Usizime moteri.
7. Kila asubuhi kanyaga pedali kabla ya kuondoka: iwe juu, iwe ngumu.

Ajali nyingine kweli hazina kinga. Hii inayo, nayo inauzwa dukani ikiwa na mhuri. Siku nyingine mtu akisema mbele yenu kwamba freni ilikataa, mwulizeni kwa heshima: ilikataa, au ilinyimwa?